Jina Lake, Alama za Mwingine

"Kumi na moja! Kumi na moja kwa mia, kwenye hesabu! Hata ungefumba macho ukatia vema ovyo ovyo ungepata zaidi ya hizo."

"Baba, si zangu."

"Si zako, za nani? Jina lako hili hapa. Au nimesahau jina nililokupa mwenyewe?"

"Jina ni langu. Alama si zangu."

"Msikilizeni huyu! Jina lake, alama za mwingine. Na ugali wangu unaoula kila siku, huo nao unaliwa na mwingine?"

Haya yote niliyasikia nikiwa chini ya meza ya Mwalimu Mkuu, nimepiga magoti nafuatilia waya wa intaneti ambao mtu alikuwa ameukanyagia mguu wa kiti. Nilipotoa kichwa nikamwona baba mwenyewe: fundi bomba, viatu vya mpira miguuni, mfuko wa spana begani, simu ameinyanyua juu kama refa anayeonyesha kadi nyekundu. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amejibana kwenye kabati la vikombe vya michezo. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na mimi mtoto aliyekasirika humsikiliza haraka kuliko anayelia.

Mwalimu Mkuu alikuwa tayari amechomoa karatasi ya uhamisho. Fundi bomba alikuwa ameshaamua: mtoto atoke shule leo hii, aende kwa shangazi yake kwenye karakana ya kushona mapazia. Shangazi mtu alikuwa nje kwenye benchi, na begi la nguo za mtoto liko miguuni pake. Watu wengine huamua mambo yao kama wanavyokata bomba, kwanza msumeno, kipimo baadaye.

"Mkuu, nipe nisaini," alisema. "Sina nguvu ya kufungua vyoo vya watu kutwa nzima kwa ajili ya kumi na moja."

"Saini hapa na hapa," alijibu Mwalimu Mkuu akimpa karatasi na kalamu. "Na kuna mzazi anayesubiri nafasi, kwa hiyo ukishasaini, ndiyo basi."

"Ngoja kwanza," nilisema nikijipangusa magoti. "Wewe mtoto, kwa nini unasema si zako?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jibu."

"Asubuhi nilifungua kwa simu ya shangazi, nikaona sitini na nane. Baba alipofungua kwa simu yake ndiyo ikawa kumi na moja."

"Shangazi yako bila miwani hawezi kutofautisha sita na tisa," fundi bomba alisema.

"Nimesikia!" sauti ilitoka nje kwenye benchi.

"Usikie! Nimesema uongo?"

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kona na kompyuta yake mapajani. Tunamwita Sindano kwa sababu ya umbo na kwa sababu ya ulimi. Hakuinua hata macho. "Aliandika namba ya mtihani vibaya," alisema. "Watu wanabonyeza kwa vidole vinene kwenye vioo vidogo, halafu lawama zinakuja kwetu."

"Kidole kinene ni changu au cha baba yako?" fundi bomba alimgeukia.

"Baba yangu hayumo humu, mzee."

"Sindano," nilisema.

Niwaeleze sisi ni nani, nisije nikawaacha nyuma. Mimi na mwanangu tuna ofisi ya meza mbili juu ya duka la rangi. Tunatengeneza mifumo ya mtandaoni kwa ajili ya shule, maduka na vyama vya akina mama. Mimi nina diploma ya kompyuta. Yeye ana diploma hiyo hiyo kutoka chuo hicho hicho, na mwalimu mmoja aliyetufundisha sote wawili aliniambia kwamba mabishano yangu nayo ameyarithi bila kupungua. Mfumo huu wa matokeo ulikuwa wa kwanza kuujenga peke yake tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Jina lake liliandikwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Nilimwona akiliangalia mara kwa mara akidhani simwoni.

Asubuhi ile haikuanza vizuri. Matokeo yalipofunguliwa, wazazi walipata ujumbe kwamba ukurasa haupo. Hilo ni kosa la mia nne na nne, mafua ya kazi yetu, kila mtu huyapata. Chukulia programu ni karani: yupo ndani amekaa, ila anwani mliyompa mteja ni ya mlango mwingine. Sindano alikuwa amebadilisha jina la folda na kusahau kubadilisha anwani kwenye mpangilio. Tukarekebisha. Likaja la mia tano, maana yake karani ameonekana lakini ameanguka kabla ya kujibu. Kile kifaili kidogo kinachounganisha programu na hazina ya data kilikuwa kimebaki ofisini kwetu, kwenye kompyuta ya Sindano, ambako kila kitu hufanya kazi siku zote. Tukakileta, tukawasha upya, ukurasa ukafunguka. Wakati huo wazazi walikuwa wamejaa uani, simu mkononi, na wengine wanasubiri majumbani. Mlango ulipofunguka waliingia mtandaoni wote kwa mkupuo.

Nilishangilia, nikaingia chini ya meza kushughulikia waya. Sasa nilikuwa nimetoka, na huyu mtoto alikuwa ananiambia namba moja imetoa majibu mawili.

"Mama shangazi," nilipaza sauti, "simu yako bado ina ule ukurasa?"

Mwanamke mfupi aliingia, miwani ameivaa tayari kwa kumkomoa kaka yake. Akanipa simu. Jina la mtoto, namba ya mtihani, hesabu: sitini na nane. Nikachukua simu ya fundi bomba nikaziweka pamoja mezani. Jina lile lile. Namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Hesabu: kumi na moja.

"Vidole vyake havina neno," nilimwambia Sindano. "Namba ni sahihi kote kuwili."

Sasa akainua macho.

"Kompyuta haina mjomba wala shangazi, mama," Mwalimu Mkuu aliniambia kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Haimpendelei mtu. Hiyo ya sitini na nane labda ni ya muhula uliopita."

"Muhula uliopita mfumo huu haukuwepo, Mkuu."

"Basi labda simu imehifadhi ukurasa wa zamani," Sindano alisema. "Kivinjari hufanya hivyo. Kinakuonyesha kiporo."

Hilo lilikuwa wazo zuri, nikamkubalia. Kivinjari ni mvivu. Kikishaleta ukurasa mara moja hupenda kuuweka kando na kukupa ule ule. Tukafuta kumbukumbu za kivinjari kwenye simu zote mbili, tukaandika namba upya. Simu ya shangazi ikaleta sitini na nane. Simu ya fundi bomba nayo ikaleta sitini na nane.

Fundi bomba alizitazama, akatutazama sisi.

"Mmezibadilisha."

"Nani kazibadilisha?"

"Nyinyi! Mbele ya macho yangu! Huyu binti amebonyeza bonyeza hapo kwenye kona, zikapanda. Mwanangu kawapa nini?"

"Mwanao hana hata kalamu mkononi," nilimjibu. "Kaa chini, mzee. Bomba likivuja ukutani, unabomoa nyumba yote?"

"Naanzia kwenye mita."

"Vizuri sana. Na sisi tutaanzia kwenye mita."

Akakaa. Mfuko wa spana ukalia ulipogusa sakafu.

Mita yetu ni hazina ya data. Kabla ya kumlaumu karani, nenda ghalani uone nini kimehifadhiwa. Nilimwambia Sindano afungue hazina moja kwa moja, bila kupitia ukurasa. Akafungua, akageuza kompyuta sote tuone. Mtoto wa fundi bomba, hesabu, sitini na nane, imeingizwa na mwalimu wa hesabu wiki iliyopita na haijaguswa tena.

Msichana alitoka kwenye kabati, akasogea mezani.

"Sitini na nane," fundi bomba alisema polepole. Kisha akamgeukia binti yake. "Na hizo thelathini na mbili nyingine umeziacha wapi?"

"Baba!"

"Nauliza tu."

Lakini hakuwa amerudisha kalamu ya Mwalimu Mkuu. Mtu aliyekwisha kasirika hadharani huhitaji sababu nzito ya kugeukia upande wa pili. "Hii kumi na moja ilitoka wapi?" alisema. "Nioneshe ilikotoka, nitaamini. Vinginevyo naona watu wawili wamekaa na kompyuta wanaandika wanachotaka."

Alikuwa na haki. Nilimheshimu kidogo.

Tukafungua kumbukumbu za seva, pale inapojiandikia kila ombi linaloingia. Ombi la simu yake lilikuwepo, na namba iliyoombwa ilikuwa sahihi. Ghalani salama, ombi salama, jibu bovu. Kwa hiyo aliyeharibu alikuwa katikati: karani mwenyewe.

Karani huyu kwenye mifumo ya Java tunamwita servleti. Ni kipande cha programu kinachopokea ombi la mtu, kinakwenda ghalani, kinarudi na ukurasa. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba karani huyo ni mmoja tu, wala seva haimwajiri mwingine kila mteja anapokuja. Ila ana mikono mingi. Wakija watu hamsini kwa pamoja, anawahudumia wote kwa pamoja, kila mmoja kwa mkono wake.

"Jaribu tena," nilimwambia Sindano.

Akajaribu. Sitini na nane. Tena. Sitini na nane. Akajaribu namba ya mtoto mwingine, ikaja sawa na ghalani. Akajaribu hadi Mwalimu Mkuu akaanza kupanga karatasi zake.

"Unaona?" Sindano alisema, na sauti yake ilikuwa na ushindi ambao haukunifurahisha. "Inafanya kazi. Niliijaribu mwezi mzima, Mama. Sijawahi kuona hata kosa moja."

"Uliijaribu na nani?"

"Peke yangu. Sheria ya ofisi: anayejaribu ajaribu peke yake, mwingine asiguse. Sheria ya nani ile?"

Yangu. Niliiweka kwa sababu tulikuwa tukigombana kila siku, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyemharibia. Sheria hiyo ilituletea amani, na amani hiyo ndiyo iliyokuwa ikitudanganya.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," nilisema. "Asubuhi walibonyeza wengi kwa mpigo. Sasa uani wamebaki wachache. Lete mikono miwili."

Kuwashika watu wawili wakigongana ndani ya seva si rahisi, maana mgongano wenyewe ni wa kufumba na kufumbua. Tulijaribu kwa simu mbili, mimi na yule msichana, tukihesabu moja, mbili, tatu, bonyeza. Sawa. Tena. Sawa. Fundi bomba alianza kutikisa mguu.

"Mnacheza kombolela," alisema.

"Sindano, iweke programu kwenye kompyuta yako hapo, nakala tu, tusiguse ya shule. Halafu katikati, akishatoka ghalani na kabla hajaandika ukurasa, mpe usingizi. Sekunde kadhaa."

Alinielewa mara moja. Hilo nalisema kwa kujivunia. Huwa sihitaji kumwambia kitu mara mbili, ila kuosha vyombo. Ukimlazimisha karani asinzie na sahani mkononi, utaona kama mwingine anaweza kuja kumbadilishia chakula. Vidole vyake vikakimbia, akawasha, akatupatia anwani ya kompyuta yake. Simu zote mbili zikaingia.

Nilimwambia msichana aandike namba yake. Mimi nikaandika namba ya kwanza iliyonijia machoni kwenye orodha. Alibonyeza yeye, mimi nikafuata hapo hapo.

Tukasubiri. Kurasa zikafunguka.

Simu yake: jina lake, hesabu arobaini na tatu. Simu yangu: jina la mwingine, hesabu arobaini na tatu.

Mguu wa fundi bomba ulitulia. Msichana alimgeuzia baba yake simu, na baba mtu akaishika kwa mikono miwili kama kitu cha moto.

"Na mmeiona kumi na moja ilivyokuja," nilisema. "Mzazi wa mtoto mwenye kumi na moja alibonyeza wakati mmoja na wewe, mzee. Basi."

Sindano alikuwa ameinamia programu yake. Nilimwona kidole kikishuka mstari kwa mstari kisha kikapanda tena, juu kabisa, na kikasimama.

"Nimeziweka juu," alisema.

"Nini?"

"Alama. Jina nalichukua ndani, kwa kila ombi. Lakini alama nimezitangaza huku juu, kwenye servleti yenyewe. Sikutaka kurudia kuziandika kila mahali." Aligusa mstari kwa ukucha. "Ni sinia moja la wote. Yeyote anayekuja anamwaga zake humo humo."

"Ndiyo. Mikono mingi, sinia moja. Kila mkono ungekuwa na sahani yake."

"Najua, Mama. Tulifundishwa. Najua!"

"Sijasema hujui."

Fundi bomba alikunja ile karatasi ya uhamisho mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa spana. "Shangazi," alimwita dada yake kwa jina analotumia mtoto, "rudisha begi nyumbani." Kwa binti yake hakusema samahani, wababa wengi hawajui neno hilo linaanzia wapi. Alimshika bega tu, akalitikisa kidogo, kama anavyohakikisha bomba limekaza.

Ningeweza kuishia hapo, kila mtu angekwenda zake. Sindano naye alitaka tuishie hapo.

"Ni mstari mmoja," alisema kwa haraka, sauti chini, akiniambia mimi lakini akimwangalia Mwalimu Mkuu. "Naushusha ndani, kila ombi liwe na lake, naipakia upya. Nusu saa haifiki. Watakaofungua baada ya hapo wataona sawa. Hakuna haja ya makelele."

"Hilo ndilo jambo la busara," Mwalimu Mkuu alisema papo hapo. "Rekebisheni kimya kimya. Mzazi akija analalamika, tunamwonyesha alama sahihi, tunayamaliza. Mmoja mmoja. Shule ina jina lake."

"Na sisi tuna letu," Sindano alisema.

Nilikuwa nikijifunza jambo gumu katika umama, nalo ni kufunga mdomo nikiwa na maneno yangu yote tayari.

Aliyeongea ni yule msichana. Hakumwambia mtu, alikuwa bado anaitazama simu mkononi mwa baba yake.

"Yule wa kumi na moja ya kweli," alisema, "yeye ameona ngapi?"

"Labda ameona sitini na nane zangu," msichana aliendelea. "Labda kwao sasa hivi wanamnunulia soda."

"Na mwingine anachapwa," fundi bomba alisema. Alisema bila kumtazama mtu. "Kama mimi hapa nilivyokuwa... Basi."

"Sindano," nilimuuliza, "unaweza kujua ni nani walioona alama zisizo zao?"

Alijua jibu kabla sijamaliza. Nilimwona usoni. Hata hivyo alifungua kumbukumbu za seva, akazishusha, akazipandisha, akitafuta mlango usiokuwepo.

"Haiwezekani," alisema hatimaye. "Seva inaandika nani aliuliza. Haiandiki aliambiwa nini. Wote walioingia asubuhi hii, kwa pamoja vile... Yeyote kati yao. Waliopata nzuri hawatarudi. Nani arudi kulalamika kwamba mtoto wake amefaulu?"

"Wengi walikuwa majumbani," nilisema. "Wamefungua, wameona, wamefunga simu. Ukirekebisha kimya kimya, hawatafungua tena."

"Mama, naomba," Mwalimu Mkuu aliingilia, na safari hii upole ulikuwa umepungua. "Tusikifanye kichuguu kuwa mlima. Mfumo usizimwe. Nimewaahidi wazazi kwamba shule yetu imeingia kwenye teknolojia. Nikiuzima saa nne asubuhi siku ya kwanza, nitawaambia nini? Mkizima, muhula ujao natafuta watu wengine. Nasema wazi."

"Umesema wazi, nimekuelewa wazi," nilimjibu.

Sindano alinitazama. Ni mtu mzima, ana miaka yake, lakini kwa dakika ile alikuwa na macho ya siku niliyomwachia mkono kwenye lango la shule ya msingi. Alitaka nimwambie. Ningesema zima, angezima, na lawama ingekuwa yangu. Ningesema rekebisha tu, angerekebisha, na lawama pia ingekuwa yangu. Nimewahi kumbebea begi, nimembebea homa, nimembebea mitihani ya kurudia. Hili nililiacha chini.

"Usiniangalie mimi," nilisema. "Jina lililoandikwa pale chini ya ukurasa si langu."

"Mama, ni mara yangu ya kwanza."

"Najua."

"Watasema..."

"Watasema. Watu wana midomo, na leo wana vifurushi vya intaneti pia."

Fundi bomba alikohoa. "Binti," alimwambia Sindano, na hakukuwa na ukali tena, "mimi nikiunganisha vibaya, bomba la maji safi na bomba la maji machafu, sikai kufikiria. Nafunga valvu kuu kwanza. Nyumba nzima inanitukana, hakuna maji, mtu ana sabuni machoni. Natukanwa, lakini nimefunga."

"Umewahi kuunganisha vibaya?" msichana wake alimuuliza.

"Nani kasema nimewahi? Natoa mfano."

Shangazi alicheka pale mlangoni, cheko moja fupi la mtu anayejua mifano mingine ilikotoka.

Sindano hakucheka. Alifunga programu ya majaribio. Akafungua dirisha jeusi la amri, lile linalozungumza na seva ya shule moja kwa moja.

"Binti," Mwalimu Mkuu alisema, "nilichosema nilikisema."

"Nimesikia, Mkuu. Shikamoo nilishakupa asubuhi, heshima iko pale pale. Lakini huu ukurasa unawadanganya watu, nami ndiye niliyeuandika."

Aliandika amri. Kidole kikasimama juu ya kitufe, kikabonyeza. Mistari kadhaa ikapita kwenye kioo, kisha ikakoma. Kwenye chumba cha stoo, nyuma ya ukuta, mashine ya zamani inayobeba seva iliendelea kuvuma, lakini mlangoni hapakuwa na karani tena.

"Mzee, jaribu," alimwambia fundi bomba.

Akabonyeza kwa kile kidole chake kinene. Akasubiri. "Haufunguki."

"Vizuri."

Hakuishia hapo, na hili sikulitegemea. Shule ina huduma ya kuwatumia wazazi wote ujumbe mfupi kwa pamoja, ya kuwakumbusha mikutano na mengineyo. Tuliiweka sisi na tunazo funguo. Akaifungua. Akaandika, akafuta, akaandika. Mwalimu Mkuu aliinuka kwenye kiti chake, akaja kusoma juu ya bega lake. Nilidhani angemnyang'anya kompyuta. Alisoma, akaguna.

"Jina la shule lisitumike kwenye kosa," alisema.

"Sijalitumia. Nimetumia langu."

"Soma kwa sauti," nilisema. "Ukisoma kwa sauti ndipo unajua kama unaficha kitu."

Akasoma:

"Wazazi na walezi. Alama zote mlizoziona leo kwenye tovuti, ziwe nzuri au mbaya, zisiaminiwe. Programu ilichanganya alama za watoto walioulizwa kwa wakati mmoja. Kosa ni la programu, si la mtoto wala mwalimu wake. Tafadhali msimwadhibu mtoto kwa alama hizo. Tovuti imezimwa. Alama sahihi zipo salama na zitatolewa na walimu wa darasa, kwa karatasi, kabla tovuti haijafunguliwa tena. Aliyeandika kosa hili ni mimi, mtengenezaji wa mfumo."

Na jina lake, kamili, lile ambalo ofisini hatulitumii.

"Ongeza wasimpongeze pia," shangazi alisema. "Kuna watakaokuwa wameshanunua keki."

"Hao wale keki yao," fundi bomba alisema. "Iache hivyo."

Mwalimu Mkuu alisimama kidogo pale nyuma, mikono mgongoni. Nilikuwa tayari kwa neno lake. Badala yake alikwenda mlangoni, akamwita mwalimu wa zamu, akamwambia awakusanye walimu wa madarasa na alama walizoandika kwa mkono. Kisha akarudi akakaa. Kuhusu muhula ujao hakusema amebadilisha mawazo, nami sikumuuliza.

Sindano alisoma ujumbe mara moja zaidi, kimya, midomo ikicheza.

"Tuma," nilimwambia, kwa sababu sasa alikuwa ameshaamua na kungoja hakungemsaidia.

"Nimeshatuma, Mama."

Simu ya fundi bomba ililia mkononi mwake, ya shangazi ikafuata, na kutoka uani, kwa wazazi wachache waliobaki kwenye kivuli cha ukuta, zikalia nyingine moja baada ya nyingine. Sindano alifunga kompyuta, akainuka, akapapasa nywele zake mara mbili, akatoka nje kwenda kujibu maswali yao.